Utumwa katika Bustani Yetu

Mwaka uliopita, wakati wa kiangazi, nilikuwa nikiwafundisha wakatekumeni wangu amri ya saba ya Mungu. Niliwaeleza kwamba kuiba si kuchukua tu kuku wa jirani au fedha ya sadaka. Katekisimu ya Kanisa Katolika ya mwaka 1992 inaweka jambo la utumwa chini ya amri hii hii. Anayeiba kuku ameiba kuku tu. Anayemshika mwenzake katika utumwa amemwibia Mungu mtoto wake.

Kisha nikawasimulia mambo ya zamani ya kwetu, maana sisi watu wa Kalemie tuna mengi ya kusimulia. Mji wetu wenyewe ulianza kama boma la kupigana na wakamata-watumwa, mwisho wa mwaka 1891, ukaitwa Albertville. Kusini yetu, kule Mpala, Mapadri Weupe walikuwa wamekwisha fika mwaka 1885, na Kapiteni Joubert alikuja kuwalinda watu waliokuwa wakifungwa kamba na kuvushwa ziwa mpaka Ujiji, na toka Ujiji mpaka pwani. Mwaka 1888 Papa Leo XIII aliwaandikia Maaskofu wa Brazil juu ya kukomesha utumwa, na mwaka ule ule Kardinali Lavigerie alihubiri Paris, London na Bruxelles ili watu wa Ulaya waamke. Niliwaambia pia habari za Adriano Atiman, mtoto aliyeibwa karibu na Timbuktu, akakombolewa na Mapadri, akajifunza udaktari Malta, akaja Karema ng'ambo ya ziwa mwaka 1889. Huko alikuwa katekista na mganga wa wagonjwa mpaka kufa kwake mwaka 1956. Mimi katekista nilijivuna kusema jina lake.

Nilipomaliza, mama mmoja mzee aliinua mkono.

«Mwalimu,» akasema, «umetufundisha vema juu ya zamani. Lakini ile miti ya kusimamisha tomati zako, wanaoikata wanalipwa na nani?»

Nilicheka kidogo. «Mama, ninamlipa mchuuzi kila mara anapoleta.»

Akanitazama. «Sikuuliza wewe unamlipa nani, mwalimu. Niliuliza wao wanalipwa na nani.»

Sikuwa na jibu. Nilifunga kitabu, tukasali, watu wakaenda. Lakini neno lile lilikaa ndani yangu kama mwiba wa samaki kooni.

Ni lazima niwaeleze kwanza juu ya bustani. Nilisoma miaka kadhaa katika seminari, kisha niliona kwamba wito wangu ni wa ndoa. Sasa nina mke na watoto wanne, na kazi ya katekista haiwezi kulisha watoto wanne. Ndiyo sababu miaka mitatu iliyopita tuliungana jamaa sita wa parokia, tukalima bustani karibu na mto. Tunapanda tomati, lengalenga, kabichi na vitunguu. Tunauza pia miche ya avoka na ya maembe. Pembeni tunapanda maua, na kila Jumamosi wamama wanayachuma kwa ajili ya altare. Watu wanatusifu. Padri Paroko alitutaja siku moja katika mahubiri kama mfano wa wakristu wanaojisaidia.

Tena mjue kwamba bustani haijitoshelezi. Mtu anayetazama tomati sokoni anaona tomati tu. Nyuma yake kuna mbegu, mbolea, kamba, vikapu, wachukuzi, na ile miti. Kila shina la tomati linahitaji mti wake, la sivyo matunda yanalala chini na kuoza. Sisi tulihitaji miti zaidi ya elfu moja kwa kila msimu. Mchuuzi mmoja alikuwa akituletea matita yaliyofungwa vizuri, miti ishirini katika kila tita, kwa nusu ya bei ya wengine. Tulifurahi. Tulisema Mungu ametusaidia. Hatukuuliza kitu.

Baada ya juma mbili nilipanda baiskeli, nikafuata njia ya kwenda Nyunzu. Nililala njiani usiku mmoja. Siku ya pili nilifika penye vibanda vichache pembeni ya msitu. Waliokaa pale walikuwa Batwa, wale ambao kwetu tunawaita pia Bambote. Nilimkuta kapita wa yule mchuuzi amekaa chini ya mwembe na daftari mapajani. Aliponitambua kuwa mnunuzi wa tajiri wake alinikaribisha kwa furaha. Alidhani nimekuja kuhakikisha mzigo wangu. Akanionyesha daftari lake bila haya, ili nione kazi inaendelea.

Nilisoma jina la baba mmoja. Miezi kumi na minne iliyopita mtoto wake alishikwa na malaria, na mchuuzi alimkopesha fedha ya dawa. Hakumwandikia faranga, alimwandikia deni la miti 300. Tangu siku ile yule baba, mke wake na watoto wao wawili walikuwa wakikata miti. Walipohitaji chumvi, unga au sabuni, walichukua kwa kapita, na deni liliongezeka: hiyo ilikuwa miti 900 mingine. Tena kila mwezi kapita aliandika miti 100 juu yake, akiita «faida ya kungoja». Jumla ya deni ni miti 2600. Katika daftari walikuwa wamelipa matita 95, maana yake miti 1900. Basi walikuwa bado na deni la miti 700.

Kapita alipoondoka kwenda kuoga, mke wa yule baba aliingia kibandani, akatoka na kamba ndefu. Hakusema neno. Alinipa mikononi. Kwenye kamba ile alikuwa amefunga fundo moja kwa kila tita walilotoa. Nilihesabu mafundo mara mbili. Yalikuwa 140.

«Matita mengine je?» nilimwuliza mume wake.

«Kapita anasema ni miti iliyopinda, bwana mwalimu. Iliyopinda haiandikwi.»

Wasomaji wapenzi, niliijua miti ile iliyopinda. Niliifunga mimi mwenyewe kwa mikono yangu kwenye tomati zangu. Tulikuwa tumeilipia kama mingine. Kama ningefuata kamba ya yule mama, walikuwa wametoa miti 2800. Ondoa dawa, ondoa chumvi na unga na sabuni: si wao waliokuwa na deni, bali walikuwa wanadai miti 1600.

Nilimwuliza yule baba kwa nini haendi kuuza miti yake mwenyewe mjini. Alionyesha daftari kwa kidole. Kati ya kurasa zake kulikuwa na karte yake ya uchaguzi, ile ambayo sisi wote tunaitumia kama kitambulisho. Kapita aliichukua kama rehani. Bila karte anaogopa kupita penye kizuizi cha barabara. Na mwenzao mmoja aliyejaribu kuhama aliambiwa kwamba askari watamfuata kwa sababu ya deni.

Kapita aliporudi nilimwambia: «Ndugu, huu ni utumwa.» Hakukasirika. Alishangaa. «Watumwa gani, mwalimu? Hawa ni watu wa tajiri wangu. Wanakula kwake.»

Neno hili, «watu wangu», nalijua tangu utoto. Sisi wenye kulima tumezoea kusema «Mutwa wangu», kama vile mtu anavyosema mbuzi wangu. Babu zetu waliwapa Batwa chumvi, muhogo na lutuku kwa kazi ya mashamba, nasi tuliona ni desturi tu. Lakini waliotendewa hivyo hawakuiona kama desturi. Vita vya Batwa na Baluba vilivyowaka katika jimbo letu tangu mwaka 2013, na kuzidi sana mwaka 2016 na 2017, vilikuwa na sababu nyingi, na malalamiko juu ya kazi isiyolipwa na kudharauliwa yalikuwa kati ya mizizi yake. Watu waliuawa pande zote mbili, vijiji vilichomwa, maelfu walikimbilia kambi hapa Kalemie. Sisi makatekista tulizika wafu na kugawa unga. Je, tulijiuliza moto ule uliwashwa na nini?

Wengine watasema: «Mtumwa ni yule mwenye mnyororo shingoni. Huyu ni mdeni tu.» Basi tusikilize maana yenyewe. Mapatano ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1930, ambayo nchi yetu iliyakubali mwaka 1960, yanasema kwamba kazi ya kulazimishwa ni kazi yoyote ambayo mtu anatozwa kwa kutishwa adhabu, naye hakujitoa kwa hiari yake. Hakuna habari ya mnyororo pale. Na wataalamu wa Shirika hilo wametaja dalili za kutambua jambo hili: mtu kudanganywa, kutishwa, kuzuiliwa kwenda anakotaka, kunyang'anywa karatasi zake, kunyimwa mshahara, kufungwa na deni lisilokwisha. Nilipozihesabu, nyingi za dalili hizi nilizikuta chini ya mwembe mmoja. Shirika hilo lilitangaza mwaka 2022 kwamba watu karibu milioni 28 ulimwenguni walikuwa katika kazi ya kulazimishwa. Hesabu hiyo ni kubwa mno, haiingii moyoni. Mimi niliona watu wanne na kamba yenye mafundo 140, na hiyo iliingia.

Tusiseme pia kwamba utumwa huletwa na wageni tu. Ni kweli, waliokuja wakisema wanakomesha utumwa wa Waarabu walileta mizigo yao wenyewe: watu wa Kongo walilazimishwa kuchuma mpira, na tangu mwaka 1917 wakulima walilazimishwa kulima pamba kwa bei waliyoweka wakubwa. Wazee wetu walilalamika, na walikuwa na haki. Lakini mjukuu wa aliyelazimishwa kulima pamba ndiye leo ananunua miti iliyokatwa na mtu aliyelazimishwa. Mjukuu huyo ni mimi.

Nilirudi nyumbani, nikaita jamaa sita. Niliwaeleza yote. Baba mmoja alisema: «Sisi hatukumfunga mtu. Tulinunua sokoni kama wote. Dhambi ni ya mchuuzi.» Mama mmoja alisema: «Tukinunua miti ya bei kubwa, tomati zetu zitapanda bei, na wanunuzi watakwenda kwa jirani. Watoto wetu watafukuzwa shuleni. Je, hiyo nayo ni haki?» Sikuwadharau. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewaza maneno hayo hayo njia nzima juu ya baiskeli.

Mwingine alitoa shauri ambalo lilinipendeza sana mwanzoni: «Tuache tu kununua kwake. Tunawe mikono, yaishe.» Lakini usiku nilifikiri. Kama tungeacha kununua na kunyamaza, karte ingebaki katika daftari, na deni lingebaki. Tungekuwa safi sisi, nao wangebaki pale pale, tena bila mnunuzi. Pilato alinawa mikono pia. Mwenye kufaidika na kosa hawezi kuondoka kabla ya kulitengeneza.

Tulikwenda kwa Padri Paroko, naye akatuita pamoja na ndugu wa Tume ya Haki na Amani. Mchuuzi aliitwa. Alikuja kwa hasira. Lakini kamba ilipowekwa juu ya meza karibu na daftari, alinyamaza muda mrefu. Kisha alinigeukia. «Mwalimu, nani alinibembeleza kila msimu nipunguze bei? Nani alisema jirani anauza rahisi zaidi? Ulidhani miti inajikata?»

Nilikubali mbele ya wote. Huo ulikuwa ukweli. Nilikuwa nimevuta kamba upande wangu, na mwisho wa kamba ile kulikuwa na shingo ya mtu. Bei ndogo haipotei hewani. Kuna mtu mahali fulani anayelipa iliyobaki.

Tume ilimkumbusha kwamba Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa, na kwamba kama hatengenezi, habari itafika kwa wenye sheria. Mwishowe karte ilirudishwa, na deni la jamaa ile likafutwa. Sisi wa bustani tulilipa sehemu ya ile miti 1600, kwa sababu faida yake ilikuwa imeingia mifukoni mwetu. Tulilipa mikononi mwa mama yule, kwa maana yeye ndiye aliyehesabu.

Sitawadanganya kwamba yote yalikwisha vizuri. Jamaa nyingine pale msituni iliogopa kusema, na imebaki na mchuuzi. Yeye mwenyewe sasa anauza miti kwa bustani nyingine za mji, na sijui kama wenye bustani wanamwuliza lolote. Mmoja wa jamaa zetu sita alijitoa. Msimu ule hatukupata fedha ya kununua bomba ya maji tuliyoingoja. Na siku tulipokaa kuandika masharti mapya ya bustani, mke wangu aliuliza polepole: «Na yule mtoto anayechota maji?» Tulitazamana. Alikuwa mpwa wa mlinzi wetu wa usiku, mwenye miaka kumi na miwili, aliyeletwa toka kijijini kwa ahadi ya shule. Shule ilikuwa imefunguliwa tangu miezi miwili, naye alikuwa bado na ndoo kichwani. Nilikuwa nimekwenda siku mbili kwa baiskeli kutafuta utumwa, nami nilikuwa nikimpita mtoto huyu kila asubuhi, nikimwitikia salamu yake. Sasa anasoma. Mlinzi anamlea, nasi tunalipa karo.

Haya ndiyo masharti tuliyoandika. Nawapa ninyi wote wenye mashamba, wenye bustani, na hata masista na walimu mnaonunua chakula cha shule.

Kwanza: kila kitu kinachoingia bustanini, tujue kimetoka kwa nani. Mbolea, vikapu, miti, makaa, mchanga. Angalau mara moja kwa mwaka mmoja wetu aende mpaka mahali pale, aongee na wenye kazi bila msimamizi kusimama karibu.

Pili: bei ikiwa ndogo kuliko kawaida, tusishukuru kwanza. Tuulize kwanza.

Tatu: mfanyakazi alipwe kwa fedha, siku iliyopatanwa, mkononi mwake mwenyewe. Musa aliagiza kwamba malipo ya maskini yasilale mpaka asubuhi, na Mtume Yakobo anafundisha kwamba mshahara ulionyimwa wavunaji unalia mpaka masikioni mwa Bwana.

Nne: hakuna anayeshika karte au karatasi ya mwenzake, hata kwa siku moja.

Tano: mkopo uandikwe katika daftari mbili, na yule aliyekopa awe na lake. Kama hajui kusoma, afunge mafundo, nasi tuheshimu mafundo yake. Mkopo usiongezeke kwa kungoja, na mtu awe huru kwenda hata kama ana deni.

Sita: sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa watoto inakataza kumwajiri mtoto kabla ya miaka 16. Mtoto kumsaidia mama yake kumwagilia mboga baada ya shule ni malezi mema. Mtoto kuchota maji ya watu saa za shule ni jambo jingine.

Saba: tukikuta kosa, tusikimbie. Tutengeneze pamoja na walioumizwa, na tusiogope kupeleka habari kwa Tume na kwa wenye sheria.

Tena kuna jambo la nane, ambalo si la bustani bali la jumuiya. Yule baba alianguka utumwani kwa mlango gani? Kwa ugonjwa wa mtoto wake. Kama siku ile mkristu mmoja angemkopesha fedha ya dawa bila kumfunga, hangehitaji kukombolewa baadaye. Ndiyo maana jumuiya yetu imeanza sanduku dogo la wagonjwa, na Batwa wa njia ile wanaweza kukopa kama sisi. Bado ni sanduku jepesi. Lakini mamba hufukuzwa kabla mtu hajaingia majini.

Tarehe 8 Februari Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Yosefina Bakhita, binti wa Sudan aliyeibwa na kuuzwa mara nyingi, akafa sista, akatangazwa mtakatifu mwaka 2000. Tangu mwaka 2015, kwa shauri la Papa Fransisko, siku hiyo ni ya kuwaombea watu wote wanaouzwa na kushikwa. Mwaka huu siku ile tuliweka maua ya bustani yetu kwenye altare kama kawaida. Yule mama mzee aliyeniuliza swali, ambaye sasa amebatizwa, alikuja karibu nami baada ya Misa.

«Maua ni mazuri, mwalimu,» alisema. «Na mbolea yake inatoka wapi?»

Juma lijalo nitapanda tena baiskeli. Mniombee, nami nitawaombea ninyi.

Wenu katika Kristu,
Katekista wa Kalemie